Foleni Iko NSSF, Pesa Iko Leba: Huduma za Serikali kwa Aliyepoteza Kazi Malindi, Mwenzi Wake Akiwa Bado Kazini

Mvua za masika zikianza, Malindi hunyamaza. Mikahawa ya ufuoni hushusha makuti, hoteli hubakiza mlinzi na mtu wa bustani, na wapishi, wahudumu wa vyumba na madereva hurudi nyumbani na barua mkononi, au bila barua. Katika nyumba nyingi mmoja tu ndiye aliyeguswa. Bwana amesimamishwa, bibi bado anafundisha. Au bibi wa mapokezi ameambiwa asirudi, bwana bado ana mshahara wake wa kaunti. Swali linakuwa moja: je, serikali ina chochote cha kumpa aliyekaa nyumbani, na mshahara wa mwenzi wake utamzuia asipewe?

Jibu la kwanza linaudhi. Kenya haina malipo ya kila mwezi kwa asiye na kazi. Hakuna dirisha la kuyaomba wala fomu ya kujaza, na anayekuuzia fomu hiyo saiba, duka la intaneti, anakuibia. Kilichopo ni vipande vilivyotawanyika: ofisi ya leba (ya kazi), NSSF (mfuko wa akiba ya uzeeni), SHA (bima ya afya ya serikali) na KRA (mamlaka ya kodi). Tumevipima kimoja kimoja kwa hali hii hasa, mmoja hana kazi na mwenziwe yuko kwenye mshahara.

Wenye jamaa Uingereza huzidisha mkorogo. Kule kuna malipo ya aina mbili ambayo watu huyachanganya. Universal Credit huombwa na mume na mke kwa pamoja. Kila pauni ya mshahara inayohesabiwa hukata peni 55 za malipo, na wakiwa na akiba inayopita pauni 16,000 hawapati kitu. New Style Jobseeker's Allowance nayo hutokana na michango ya mtu mwenyewe ya bima ya taifa, hulipwa hadi siku 182, na mshahara wa mwenzi hauigusi. Ndiyo maana binamu mmoja atakuambia "mke wangu anafanya kazi na mimi nalipwa", na wa pili aape kwamba haiwezekani. Wote wawili wanasema kweli.

Hapa kwetu hakuna malipo hayo, lakini swali lililo nyuma yake linafaa kuazimwa: haki hii ni yangu kwa kazi na michango yangu, au ni ya nyumba nzima? Ikiwa ni yako, kazi ya mwenzio haiingii popote, na yeyote anayekuuliza kaunta "mkeo anafanya kazi wapi?" anapiga gumzo tu. Ikiwa ni ya nyumba, kazi ya mwenzio ndiyo inayoamua, na safari hii inaamua kwa faida yako.

Tuanze na ofisi ya leba. Watu huifikia mwisho, wakati ndiyo yenye pesa.

Haki ya anayepunguzwa kazi, redandansi kama wanavyoiita mahotelini, imo katika kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya 2007. Mwajiri lazima aandike notisi ya si chini ya mwezi mmoja kwa chama cha wafanyakazi na kwa afisa wa leba wa eneo, akitaja sababu na ukubwa wa upunguzaji. Asiye mwanachama wa chama anaandikiwa yeye mwenyewe, na afisa wa leba vilevile. Kwa hiyo swali la kwanza la kuuliza ukifika kaunta ni hili: "Mwajiri wangu amewaletea notisi?" Ikiwa haipo kwenye faili, utaratibu umevunjwa kabla hata ya kuzungumzia pesa, na mahakama ikikubali kwamba uliachishwa isivyo haki inaweza kuamuru fidia ya hadi mishahara ya miezi 12. Karani wa hoteli akijua kwamba unalijua hilo, sauti yake hubadilika.

Pesa zenyewe ni za aina tatu. Kwanza, malipo ya kupunguzwa: si chini ya siku 15 za mshahara kwa kila mwaka uliokamilika. Pili, mwezi mmoja wa notisi, au mshahara wake ikiwa hukupewa muda huo. Tatu, siku za likizo ambazo hukuchukua. Sheria inatoa siku 21 za kazi kwa mwaka.

Chukua mpishi wa mshahara wa shilingi 26,000, amefanya kazi miaka 7 na miezi 4, na ana siku 9 za likizo zilizobaki. Ile miezi 4 inadondoka. Kinachohesabiwa ni mwaka kamili. Siku 15 mara 7 ni siku 105. Hapa ndipo kalamu huteleza. Ukigawanya mshahara kwa 30, siku moja ni kama 867 na jumla ni 91,000. Ukigawanya kwa 26, yaani siku za kazi katika mwezi, siku moja ni 1,000 na jumla ni 105,000. Kifungu chenyewe kimetaja siku 15 za malipo na hakikutaja kigawanyo, kwa hiyo soma mkataba wako. Kama hoteli ina makubaliano ya pamoja na KUDHEIHA, chama cha wafanyakazi wa hoteli, soma hayo kwanza, kwa sababu yanaweza kutoa siku nyingi zaidi; 15 ni kima cha chini kabisa. Ongeza mwezi wa notisi na zile siku 9 za likizo: kwa kigawanyo cha 30 mpishi huyu anadai 124,800, kwa kigawanyo cha 26 anadai 140,000. Mshahara wa mkewe haukutajwa popote katika hesabu hii, na hautatajwa.

Kinachowaponza wengi ni karatasi ya malipo ya mwisho. Huwa ni ukurasa mmoja, kiasi kimeandikwa juu, na chini kabisa, kwa herufi ndogo, kuna mstari unaosema mfanyakazi amepokea haki zake zote na hana dai lolote tena juu ya mwajiri. Pembeni kuna hundi au ahadi ya M-Pesa. Ukitia saini bila kushurutishwa, mahakama inaweza kuuchukua mstari huo kama mkataba kamili na dai lako likazikwa pale pale. Omba nakala uende nayo nyumbani. Wakikataa, andika kwa mkono wako karibu na saini: "Nimepokea kiasi hiki tu, madai mengine bado yapo," weka tarehe, kisha ipige picha kabla hujairudisha. Mwajiri anayekuambia "saini sasa au uondoke bila kitu" anakuambia pia kwamba hesabu yake haitaki kusomwa.

Omba na cheti cha utumishi siku hiyo hiyo. Hicho ni haki chini ya kifungu cha 51. Kinataja jina lako, tarehe ulizoingia na kutoka, na aina ya kazi. Mwajiri hawezi kukinyima kwa sababu mmekosana, na akikinyima anahatarisha faini ya hadi shilingi 100,000 au kifungo cha hadi miezi 6, au vyote viwili. NSSF watakiuliza baadaye, na mwajiri mpya pia.

Malalamiko kwa afisa wa leba ni bure, na sheria inatoa miezi 3 tangu siku ya kuachishwa. Beba kitambulisho, barua ya kuajiriwa na ya kuachishwa, pesilipi (za miezi mitatu ya mwisho si mbaya, za mwaka mzima ni bora zaidi) na nambari ya simu ya meneja. Usiyekuwa na barua ya kuajiriwa usikate tamaa: taarifa ya M-Pesa au ya benki inayoonyesha mshahara ukiingia kila mwisho wa mwezi, pamoja na michango ya NSSF kwa jina la mwajiri huyo, inatosha kuanzia. Afisa atakokotoa madai, atamwandikia mwajiri, atawaita mkae mezani. Kesi nyingi za hoteli ndogo huishia hapo.

Ubovu wa huduma hii ni kwamba afisa hana rungu. Mwajiri akikaidi, huna budi kwenda mahakamani, na muda wa kufungua kesi ni miaka 3. Anayelipwa hadi shilingi 80,000 kwa mwezi husikilizwa na hakimu, hivyo wafanyakazi wengi wa hoteli hawahitaji kufika kwa jaji. Anayepita kiwango hicho ana Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo Malindi ipo, bila kupanda basi hadi Mombasa. Kwa nguvu ya sheria na gharama ndogo, tunaipa leba nyota 4 kati ya 5.

Kabla hatujaiacha, mitego miwili ya msimu. Wa kwanza ni likizo bila malipo. Hoteli nyingi za pwani hazimwachishi mtu. Humwambia "nenda, tutakuita Julai". Ukikubali, bado wewe ni mwajiriwa: hakuna malipo ya kupunguzwa, hakuna notisi, na miezi hiyo hakuna mchango wa NSSF wala wa SHA kutoka kwenye mshahara, maana mshahara wenyewe haupo. Likizo hiyo inahitaji ridhaa yako. Dai iwe kwa maandishi, na iwe na tarehe ya kurudi. Tarehe ikipita na simu haijalia, una karatasi ya kupeleka leba. Bila karatasi, meneja atasema uliacha kazi mwenyewe.

Wa pili unawahusu vibarua. Ukifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja, au kazi ambayo kwa jumla haiwezi kwisha chini ya miezi 3, kifungu cha 37 kinakuhesabu kama mwajiriwa wa mwezi hata kama unalipwa kila jioni. Wasafisha mabwawa, watu wa jikoni wa msimu, mafundi wa mijengo ya wageni: wengi wenu si vibarua tena kisheria.

Na tafadhali tusichanganye malipo ya kupunguzwa kazi na kiinua mgongo cha utumishi cha kifungu cha 35. Hicho cha pili hakipewi mwanachama wa NSSF au wa mpango mwingine wa pensheni. Makarani hupenda kusema "wewe uko NSSF, hudai kitu" wakitaja kiinua mgongo, na msikilizaji huondoka akidhani na malipo ya kupunguzwa pia yamepotea. Hayajapotea.

Sasa NSSF, ambako foleni huwa ndefu na matumaini makubwa kuliko pesa.

Mwenye miaka 38 aliyeachishwa kazi hapati chochote pale. NSSF ni akiba ya uzeeni. Umri wa kustaafu ni miaka 60. Anayetoka kwenye ajira akiwa amefikisha 50 anaweza kuomba mapema. Chini ya hapo milango ni michache: kutoweza tena kufanya kazi kwa sababu ya ulemavu au maradhi, warithi wa mwanachama aliyefariki, au kuhama Kenya moja kwa moja. Huu wa mwisho unawahadaa vijana wanaokwenda Saudia au Qatar kwa mkataba wa miaka miwili. Mkataba wa kazi si kuhama. Mtu mwenye tarehe ya kurudi hastahili malipo hayo.

Hata kwa aliyefikisha 50, pima kiasi kabla ya kuhesabu mabati ya nyumba. Hadi Januari 2023 mchango ulikuwa shilingi 200 za mfanyakazi na 200 za mwajiri, basi, iwe unalipwa 15,000 au 150,000. Miaka 13 ya mchango huo ni 62,400 kabla ya riba. Tangu Februari 2023, Sheria ya NSSF ya 2013 ilipoanza kutekelezwa, mchango ni asilimia 6 kwa kila upande mpaka kwenye kikomo kinachopanda kila mwaka. Kwa mpishi wetu wa 26,000 hiyo ni 1,560 zake na 1,560 za mwajiri kila mwezi. Akaunti zimeanza kunona, ila hivi karibuni tu.

Kama una miaka 50 na zaidi, nenda na kitambulisho na nakala yake, PIN ya KRA, cheti cha utumishi au barua ya kuachishwa, na uthibitisho wa akaunti ya benki iliyo kwa jina lako. Jina ndilo jiwe la kujikwaa, na kwetu pwani jiwe hilo ni kubwa. Kitambulisho kinasema Abubakar, NSSF iliandikishwa Bakari. Benki ina Mohammed, kitambulisho kina Mohamed. Mwanaisha wa hoteli ya kwanza akawa Mwana Aisha hoteli ya pili. Kompyuta haijui kwamba hao ni mtu mmoja, na faili inarudi. Wapo pia wenye nambari mbili za uanachama kwa sababu kila hoteli iliwaandikisha upya. Michango imegawanyika, na lazima nambari hizo ziunganishwe kabla ya kuomba. Fanya marekebisho haya leo, ukiwa bado na miaka 35, siku ambayo huna haraka.

Kitu kimoja cha kufanya NSSF kwa umri wowote: toa taarifa ya michango yako, mtandaoni au kaunta, uiweke sambamba na pesilipi zako mwezi kwa mwezi. Mwezi uliokatwa kwenye pesilipi na haupo kwenye taarifa ni pesa yako iliyobaki kwa mwajiri. Ripoti wakati hoteli bado ina milango. Ikishauzwa au kufilisika, utamfuata nani? Kwa aliye chini ya 50 huduma hii ni nyota 2, na hizo ni za taarifa tu.

SHA ndiyo sehemu ambayo kazi ya mwenzi inaleta baraka, na ndiyo inayokosewa kuliko zote.

Tangu Oktoba 2024, SHA ilipochukua nafasi ya NHIF, bima ya afya ya zamani, mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote kabla ya makato, na si chini ya shilingi 300. Mnapofanya kazi wawili mnakatwa wawili, kila mmoja kivyake, ingawa bima mnayoipata ni ya nyumba moja. Mmoja akipoteza kazi, makato yake yanasimama. Makato ya aliyebaki yanaendelea kubeba nyumba yote: yeye, mwenzi wake na watoto. Mwalimu wa mshahara wa 35,000 anakatwa 962.50, na kwa pesa hizo mumewe asiye na kazi analazwa, anatibiwa, anapata kila anachopata mkewe. Hahitaji kulipa senti moja ya ziada.

Kosa linaanzia hapa. Aliyeachishwa ana akaunti yake mwenyewe, iliyofunguliwa akiwa kazini. Mwajiri akiacha kulipa, akaunti hiyo inaonyesha kwamba haijalipiwa. Anapiga *147#, anaogopa, anaenda saiba, anajazwa maswali ya upimaji wa kipato (paa la bati au makuti, maji ya mfereji au kisima, mifugo mingapi) na kutoka pale na bili ya mwaka mzima kama mtu wa sekta isiyo rasmi. Bili ya chini kabisa ni 3,600 kwa mwaka, na upimaji ukiona nyumba ina friji na paa la vigae, ni zaidi. Analipia kitu ambacho mkewe ameshakilipia.

Njia sahihi ni aliye kazini kuingia katika akaunti yake, kwa Afya Yangu mtandaoni au *147#, na kumwongeza mwenzi wake kama mnufaika. Itahitajika nambari ya kitambulisho ya mwenzi na simu ambayo itapokea namba ya siri ya kuthibitisha. Namba hiyo hudumu muda mfupi, kwa hiyo mkae pamoja mezani. Usijaribu bwana akiwa baharini na bibi yuko Mombasa. Kama laini aliyosajili ilikuwa ya kazini na imerudishwa kwa mwajiri, badilisheni nambari kwanza. Mfumo ukigoma kwa kuwa mwenzi tayari ana akaunti yake kama mlipaji, acheni kubonyeza. Hilo linataka dawati la SHA na vitambulisho vyenu viwili.

Wekeni tayari na ushahidi wa ndoa. Ndoa nyingi za Malindi na Lamu zilifungwa na sheikh wa mtaa, walima ukaliwa, na cheti hakikufuatwa. Cheti kilichosajiliwa kupitia Kadhi ndicho hati safi zaidi, na mahakama ya Kadhi ipo Malindi na ipo Lamu. Kisipokuwapo, hati ya kiapo mbele ya kamishna wa viapo hupita sehemu nyingi. Watoto ni vyeti vya kuzaliwa.

Mkishamaliza, msingoje homa ya usiku ndiyo mjue kama imekubali. Pitia mapokezi ya hospitali unayotumia, Malindi Sub-County au King Fahd kwa walio Amu (mji wa Lamu), mwombe karani aangalie kwa nambari ya kitambulisho chako kama unaonekana chini ya mwenzio. Ni swali la dakika mbili. Zahanati na vituo vya afya, yaani ngazi ya 2 na ya 3, hulipiwa na mfuko wa afya ya msingi, na huko kinachotakiwa ni usajili tu, hata kwa asiyechangia. Mchango unahitajika kuanzia kulazwa na huduma kubwa. Kujifungua kwa kawaida SHA inalipa 10,000 na kwa upasuaji 30,000. Bili ya kituo cha binafsi ikizidi hapo, ziada ni yenu.

Yote haya ni ikiwa mwenzi aliye kazini yuko kwenye mshahara. Kama kazi yake ni mashua, bodaboda, au mahamri ya alfajiri, nyumba nzima inapimwa kipato kwa pamoja na inalipa ya mwaka, na hapo kuanguka kwa mshahara wa mmoja ni sababu halali ya kuomba mpimwe upya. SHA tunaipa nyota 3 na nusu. Bima yenyewe inaifaa sana nyumba ya namna hii. Nyota moja na nusu iliyobaki imemezwa na mfumo unaomtoza mtu mara mbili bila kumwonya.

KRA hakuna anayeifikiria anapoachishwa kazi, na kumbe kuna pesa. Kodi ya mshahara hukatwa kila mwezi kana kwamba utalipwa hivyo mwaka mzima. Ukifanya kazi Januari hadi Aprili tu, umekatwa kwa viwango vya mtu wa miezi 12. Mfano wa 2025: mshahara wa 40,000, ukitoa NSSF, SHA na tozo ya nyumba, unaobaki wa kutozwa kodi ni karibu 36,000 kwa mwezi, na sehemu yake hukatwa kwa asilimia 25 na 30. Lakini kwa mwaka ni kama 144,000 tu, na shilingi 288,000 za kwanza za mwaka hutozwa asilimia 10. Tofauti peke yake ni karibu 7,900, kabla hata ya kugusa nafuu ya binafsi. Pesa hizo hudaiwa kwa kujaza ritani, yaani taarifa ya kodi ya mwaka, kwenye iTax, mtandao wa KRA, kwa kutumia P9, karatasi ya mwajiri inayoonyesha mshahara na kodi ya mwaka, kisha kuomba kurudishiwa; dirisha la kudai ni miaka 5.

Watu huzipoteza kwa njia rahisi mno: Juni inafika, mtu hana kazi, anaenda saiba, kijana anamwekea ritani ya sufuri kwa shilingi mia mbili. Ritani ya sufuri ni ya asiyepata kipato mwaka wote uliopita. Ukiwa na P9 ya miezi minne, sufuri ni tamko la uongo na umejifutia dai lako mwenyewe. Usipojaza kabisa kufikia tarehe 30 Juni, faini ni 2,000. Omba P9 unapoondoka kazini. Miezi kumi baadaye mhasibu atakuwa amehamia Diani. Kuhusu mwenzi: Kenya haina nafuu ya kodi kwa anayemlea mume au mke asiye na kazi, kwa hiyo pesilipi ya aliyebaki haitabadilika hata shilingi. Nyota 3, hesabu ni nzuri, kurudishwa huchukua subira.

Yaliyobaki ni ya kupita haraka. Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi, ni ya wazee wa miaka 70 na zaidi, yatima na watoto walio katika hali ngumu, na wenye ulemavu mkubwa. Mtu mzima mwenye afya aliyepoteza kazi hayumo, awe na mwenzi au asiwe naye. Kama mnaishi na mama wa miaka 72 ambaye hajaandikishwa, zungumzeni na naibu wa chifu. Hustler Fund ni mkopo: riba ya asilimia 8 kwa mwaka, na ule wa binafsi hurudishwa ndani ya siku 14. Kukopa kwa siku 14 bila mshahara ni kutafuta deni, tusiite msaada.

Kwa walio Lamu, gharama ya huduma ni safari. Kutoka Amu, Shela au Matondoni ni boti hadi Mokowe, kisha basi kupitia Witu na Garsen hadi Malindi, na siku imekwisha kabla kaunta haijakuona. Kwa hiyo SHA, iTax na taarifa ya NSSF zimalizeni kwenye simu au kituo cha Huduma cha kaunti. Kwa dai la leba, piga simu kwanza uulize afisa yupo lini, maana naye hutoka kukagua sehemu za kazi. Ukisafiri, beba hati halisi na nakala mbili za kila moja kwenye mfuko wa plastiki. Maji ya chumvi ya boti ya Mokowe hayachagui, na pesilipi za mashine huwa na wino unaofutika kwa tone moja.